Chumvi Kwenye Kioo

Mimi ni mtu wa kufuta. Nikiandika ujumbe wa mistari miwili naufuta na kuuandika upya hadi maneno yenyewe yanaanza kuonekana ya kigeni. Nikiosha sufuria naikagua juani, kisha naiosha tena. Kucha zangu nimezitafuna tangu shule ya msingi. Kwa hiyo watu wa kwetu waliposikia kwamba nimechagua kuhangaika na vioo, walikuwa na haki ya kucheka, maana kioo hakisamehe. Ukikigusa kinakushtaki.

Kazi yenyewe sikufundishwa na mtu. Niliisoma kwenye simu, nyuma ya karakana ya mjomba wangu hapa Voi, yeye akikata vioo vya madirisha mbele na mimi nikiokota vipande vinavyobaki. Nilitaka kutengeneza kitu kimoja tu: kipande cha kioo unachoweza kusomea gazeti kupitia ndani yake, lakini chenye tabaka mbili nyembamba juu yake ambazo macho hayazioni, na tabaka hizo zinaruhusu umeme kupita kwenda upande mmoja na kuukatalia kurudi. Ukiweza hilo, umefungua mlango wa madirisha yanayozalisha umeme na vioo vinavyopiga hesabu kama kompyuta. Sikuwa na ndoto ya madirisha. Nilitaka mlango tu.

Mtu akiniuliza inafanyaje kazi, humpeleka kanisani. Fikiria benchi siku ya harusi. Limejaa, ila katikati pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Mama aliye kushoto mwa nafasi anasogea kuijaza, na nafasi inahamia alipokuwa yeye. Wa pili naye anasogea, na wa tatu. Hakuna aliyetembea benchi zima, lakini ile nafasi imelitembea lote. Oksidi ya nikeli, ukiitengeneza vizuri, ni benchi lenye nafasi. Oksidi ya zinki ni kinyume chake: humo mna wageni waliokosa viti, wanazurura. Zikutanishe ana kwa ana, na pale zinapogusana ndipo mlango wangu ulipo.

Lakini oksidi hizo zikiwa tupu ni vivu. Zinki hutaka chembe ya aluminiamu ili ipate wageni wa kutosha. Nikeli hutaka chembe ya lithiamu ili ipate nafasi. Vitabu vina neno lao kwa hizo chembe, neno la Kiingereza lililonikaa vibaya mdomoni. Siku moja mjomba alisimama mlangoni na kipimo chake cha kukunjua mkononi.

"Hicho kidogo unachotilia hapo ni nini?"

"Ni kama chumvi, Anko. Bila hicho chakula hakina maana."

Nikajiponza. Kufikia saa saba mchana kila dereva wa lori aliyekuja kubadilishiwa kioo alikuwa anajua. "Mwanasayansi! Chumvi imekolea?" Na mwingine, akiegemea tairi: "Mwacheni, binti huyo anatia chumvi tangu azaliwe." Wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana kwetu mtu anayetia chumvi ni yule anayekuza maneno, anayekuambia alimwona nyoka mrefu kama treni. Mjomba naye alicheka, kisha akawafukuza. Mimi nilitabasamu, nikaingia ndani, nikarudia mazungumzo yote kichwani nikitafuta jibu ambalo ningelitoa. Nililipata siku iliyofuata, wakati hakuna wa kuambiwa.

Vifaa vyangu vilikuwa hivi: jiko la koili, pani ya chapati iliyogeuzwa juu chini, mita ya fundi wa umeme, barakoa nzito kwa sababu nikeli si kitu cha kuvuta puani, na mashine ya mvuke ya mtu wa pumu niliyoinunua ikiwa imetumika. Mashine hiyo huyageuza maji yenye madini kuwa ukungu, ukungu unatua juu ya kioo kilichopashwa moto barabara kwenye pani, maji yanakimbia, oksidi inabaki. Na pembeni nilikuwa na beseni la siki. Beseni hilo lazima nilieleze. Siki hula oksidi ya zinki, na zinki ikiondoka nikeli iliyo juu yake inabanduka kama ngozi ya maziwa. Kipande chochote kilichotoka na doa, wingu, au ukingo usionyooka, nilikizamisha humo kabla hata ya kukipima. Sikutaka kujua kama kingefanya kazi. Nilitaka kisiwepo.

Mama yangu ndiye aliyeniwekea siku ya mwisho. Yeye huuza kabeji na karoti sokoni Voi, mboga zinazoshuka kutoka shambani kwa nyanya yangu kule Werugha, milimani, na anajulikana kwa kumenya. Jani lenye tundu analitoa, la chini yake analitoa, mpaka wateja wanamtania kwamba anauza kiini. Siku hiyo alikuja karakana na kabeji bado mkononi.

"Nimekuombea nafasi ya karani kwenye ofisi ya shamba la mkonge. Wamekubali."

"Mama, mimi nina kazi."

"Kazi gani? Ya kuchoma pani?" Akang'oa jani. "Sikiliza. Sikuzuii. Mpaka mwezi huu uishe. Nataka nione kwa macho yangu: taa iwake upande huu, ikatae upande ule, na hicho kioo kiwe kioo, si kitu kilichopakwa matope. Ukinionyesha, sitasema neno tena. Usiponionyesha, Jumatatu unavaa viatu unaenda."

Sidharau ukarani. Kinachoniogopesha ni kwamba ningekuwa karani bora kuliko wote. Najijua. Ningepanga mafaili mpaka yanyooke kama safu za mkonge, watu wangenisifu, ningekula sifa hizo kama mkate, na nisingerudi tena kwenye kioo. Watu kama mimi hatupotei kwa uvivu. Tunapotea kwa kufanya vizuri kitu kisicho chetu.

Nikamwandikia mhadhiri mmoja ambaye maandishi yake niliyasoma mtandaoni. Nilifuta barua hiyo mara nyingi, hatimaye nikaituma ikiwa na picha ya meza yangu. Alijibu haraka, na kwa adabu, nalo jibu lilikuwa fupi: huko kwenu vumbi ni jingi mno, kazi hii hutaka chumba safi, jaribu kitu kingine.

Yeyote aliyeishi Voi anajua kwamba hakudanganya. Vumbi letu ni jekundu na halibishi hodi. Linaingia kwenye sukari, kwenye spika ya simu, kwenye mikunjo ya Biblia. Unafua shuka jeupe na linakauka likiwa na rangi ya waridi. Niliposoma jibu lile niliona aibu kana kwamba vumbi hilo nalitengeneza mimi. Aibu ikakaa kidogo, ikageuka hasira, na hasira ikapata wazo: kama tatizo ni vumbi, basi nitapanda mahali ambapo halipandi.

Nikafunga jiko, pani na mashine ya pumu ndani ya sanduku la kabeji, nikaenda Werugha kwa nyanya.

Huko juu hewa imeoshwa. Asubuhi ukungu unakaa juu ya matuta ya mboga, ng'ombe wanaonekana nusunusu, na ukipitisha kidole dirishani kinarudi kisafi. Sisi wenye asili ya milimani tunajivunia usafi huo hadi tunachukiza. Mtu wetu akishuka Voi lazima aseme, huku mnaishije. Nikajiambia, hapa ndipo. Nikaweka meza barazani, nikapangusa kila kitu kwa spiriti, nikaanza.

Nyanya alikuwa amekatazwa chumvi na daktari kwa ajili ya presha, na tangu hapo alikuwa amekataza nyumba nzima. Alisimama nyuma yangu nikipima lithiamu.

"Hiyo ndiyo chumvi wanayosema?"

"Ndiyo hiyo, Nyanya."

"Punguza."

"Hujui hata ni ya nini."

"Chumvi ni chumvi. Huongezwa, haitolewi. Ikizidi umeharibu chungu."

Nikacheka, lakini nikapunguza. Nilikuwa na sababu yangu. Lithiamu ikiwa ya kutosha, nikeli hutoka na rangi kidogo, kama strungi, chai isiyo na maziwa, iliyotiwa maji mengi. Rangi hiyo ilikuwa inaniua. Nilitaka kioo kama hewa. Kwa hiyo kila kipande kilipotoka na dalili ya strungi, kilienda kwenye siki, na mchanganyiko uliofuata niliutia chumvi pungufu. Pungufu, na pungufu tena. Na siku zikawa zinakatika.

Mwishowe vikatoka vipande ambavyo sijawahi kuona mfano wake. Ukikiinua kimoja dhidi ya bonde, unaona bonde tu. Hakuna doa, hakuna wingu, ukingo umenyooka kama umekatwa na wembe. Nilivipanga juu ya kitambaa cheupe nikavizunguka kama mwizi. Nyanya aliita jirani aje atazame. Jirani akasema, "Mimi sioni kitu," na kwangu hakuna sifa iliyowahi kuzidi hiyo.

Kisha nikachukua mita.

Upande wa kwanza, kimya. Nikageuza nyaya. Kimya. Kipande cha pili vilevile, na cha tatu. Si kwamba umeme ulikataa upande mmoja. Ulikataa pande zote, kama ambavyo kioo chochote cha dirisha kingeukataa. Nilikuwa nimetumia sehemu kubwa ya mwezi kutengeneza kioo kutoka kwenye kioo.

Nikalia. Sioni haja ya kuficha.

"Mbona unalia na vimetakata hivi?" nyanya akauliza.

"Havipitishi kitu."

Akainua kimoja akachungulia shamba lake. "Si vinapitisha mwanga? Kwani kioo kilitakiwa kipitishe nini kingine?"

Nilikaa barazani mpaka chai ikapoa, nikijaribu kulifuata kosa nyuma kama mtu anayefuata uzi kwenye sweta. Sehemu moja ilikuwa ukungu wenyewe wa mlimani: ubaridi ule mzuri ulikuwa unaipoza pani, na oksidi haikuwa inaiva. Lakini hilo ningeweza kulisamehe. Lililonichoma ni lile neno. Nililiita chumvi kwa sababu lilikuwa rahisi kumweleza mjomba, kisha mkono wangu ukaanza kulitii. Kila mtu aliyelelewa jikoni anajua kuiogopa chumvi. Unatia kidogo, unaonja, unatia kidogo tena, na ukikosea unakosea kwa kupunguza. Lakini lithiamu si ya kuonja. Ndiyo inayoliachia benchi nafasi. Mimi, kwa kuogopa rangi ya strungi, nilikuwa nimelijaza benchi lote, watu wamekaa wima na nguo zao safi, hakuna pengo hata moja, na hakuna anayeweza kusogea. Nilikuwa nimetengeneza ukamilifu. Ukamilifu haupitishi umeme.

Nikashuka Voi pamoja na magunia ya kabeji ya Mama. Mwezi ulikuwa umebakiza siku za kuhesabika, na sikuzihesabu.

Joto la Voi lilinipokea kama ndugu mwenye kelele. Nyuma ya karakana pani ilipanda moto bila kusitasita. Nikatia aluminiamu kwenye zinki, nikatia lithiamu kwenye nikeli kwa kiasi ambacho vitabu vilikuwa vinaniambia tangu mwanzo na mimi nilikuwa nakibishia. Nilimsikia nyanya akisema punguza. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Sipunguzi," na mjomba kutoka mbele akaitikia, "Nani amekwambia upunguze?"

Wakati tabaka la pili linatua, lori likapita, na upepo ukaja nalo. Niliona chembe nyekundu ikiingia chini ya kizuizi cha bati nilichokiweka, ikizunguka kama inatafuta mahali pa kukaa, ikatua katikati kabisa ya kioo. Ukungu ukaifunika. Kioo kilipopoa kilikuwa na rangi ya strungi nyepesi na alama ndogo ya duara katikati, kama kovu la tetekuwanga kwenye shavu la mtoto.

Nilikuwa nimekishika juu ya beseni la siki kabla sijajua nimefanya hivyo. Mkono unajua njia yake.

Sijui kwa nini sikukiachia. Ningependa kusema nilipata ujasiri, lakini nadhani nilikuwa nimechoka tu, na uchovu una hekima yake. Nikakumbuka yule mhadhiri na vumbi lake. Nikakumbuka pia kitu ambacho nilikuwa nakijua muda wote bila kukifikiria: hili vumbi letu ni jekundu kwa sababu ni oksidi ya chuma. Ni oksidi ya metali, kama hizi zangu. Nilikuwa naambiwa niukimbie udongo wa kwetu ili nikatengeneze ndugu yake mahali pengine.

Nikakipeleka mezani. Nikasugua risasi ya penseli kwenye kingo mbili, mmoja wa nikeli na mwingine niliouacha zinki tupu, ili nyaya zishike, nikagusisha mita. Namba zikatokea. Nikageuza. Namba zikaanguka karibu na chini kabisa. Nikageuza tena. Zikarudi. Nilifanya hivyo mpaka vidole vikauma, nikingoja kioo kinisaliti, nacho kikakataa kunisaliti.

Mngedhani nilishangilia. Nilianza kupanga kukitengeneza kingine kisicho na kovu. Pani ilikuwa bado ya moto, nilikuwa nimeshachukua kioo kipya, nikasikia sauti ya Mama mbele akimwuliza mjomba kama nipo.

"Yupo na chumvi yake," mjomba akasema.

Mama akaingia akipangusa mikono kwenye leso. Alitazama beseni, akatazama pani, akanitazama mimi. "Kesho kutwa ni Jumatatu."

"Najua."

"Kiko wapi?"

Niliunganisha kwa nyaya betri ya mraba, kioo, na kitaa chekundu nilichokitoa kwenye mdoli mbovu wa binamu yangu. Ilikuwa mchana mweupe, kwa hiyo nikakikinga kwa kiganja. Kitaa kikawaka. Hakikuwaka sana. Kiliwaka kama kaa lililosahauliwa, lakini kiliwaka.

Mama akainama. "Geuza."

Nikageuza kioo. Giza.

"Nipe mimi." Akakinyakua, akakigeuza mwenyewe, akakirudisha, akakigeuza. Alifanya kama mnunuzi anayeshuku mizani. Kisha akakichomoa kabisa, akakiinua, akatazama barabara kupitia ndani yake, na lori na mbuzi na bango la saluni. Nilijua alichokuwa anatafuta, maana ndicho ambacho ningetafuta.

"Kina rangi."

"Kina rangi," nikasema.

"Na hapa katikati kuna nini?"

"Vumbi la Voi."

"Mbona hukulitoa?"

Maisha yangu yote ningeanza hapo kuomba radhi. Ningesema subiri, nipe kesho, hiki ni cha majaribio tu. Nilihisi maneno hayo yakipanga foleni kooni. Sijui haya niliyoyasema badala yake yalipitia wapi.

"Mama, hicho kina kidoa. Kina rangi ya strungi. Upande kinaokataa kinavuja kidogo, hujaona lakini mita imeona, na mimi nakwambia. Ukingo mmoja haujanyooka. Kimetengenezewa hapa, nyuma ya karakana, kwenye pani ya chapati, na mtu ambaye hajakanyaga chuo. Na kinafanya kazi. Vile vya Werugha vilikuwa safi kuliko maji na vimekufa vyote. Sitakitoa hicho kidoa. Na Jumatatu siendi."

Mjomba alikuwa ameacha kukata. Nilisikia koili ya jiko ikilia.

Mama aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, kioo kikiwa pajani, akakipangusa kwa ncha ya leso mahali pale palipokuwa na kovu, akapangusa tena. Halikutoka. Lilikuwa chini ya tabaka, ndani, sehemu ya kitu chenyewe. Akaacha kupangusa. Kwa mwanamke anayemenya kabeji mpaka kiini, huko kuacha nilikuona.

"Nilisema sitasema neno," akasema.

"Ulisema."

"Lakini wale watu wa ofisini niliwaomba mimi. Kwa mdomo wangu huu. Nitawaambia nini?"

"Ukweli."

"Ukweli gani? Niseme binti yangu ana kioo ambacho umeme ukienda unapita, ukirudi hakitaki?" Akatikisa kichwa, na pembe moja ya mdomo wake ikaanza kupanda ingawa aliizuia. "Watasema natia chumvi."

Nikalichukua beseni la siki, nikalibeba hadi mlangoni, nikalimwaga kwenye vumbi. Udongo ulitoa mlio mdogo, ukanywa.

"Tia, Mama," nikamwambia. "Wala usipunguze."